Kutunza kaseti za zamani za michezo ya video chini ya Nyiragongo

Mkusanyaji wa kaseti za zamani za michezo ya video anayeishi Goma hawezi kuchukua mashauri ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani na kuyafuata neno kwa neno. Wenzetu huko huhofia zaidi jua la dirishani, joto la darini na vyumba vya chini ya ardhi vinavyoingiza maji. Sisi tuna hewa ya Ziwa Kivu iliyojaa unyevu kwa sehemu kubwa ya mwaka, tuna vumbi jeusi la mawe ya volkano linalotimuliwa na pikipiki na malori kutwa nzima, na juu ya hayo tuna milima miwili, Nyiragongo na Nyamulagira, inayotoa gesi ya salfa hata isipolipuka. Kwa hiyo kila ninaposhauriwa kununua rafu nzuri ya kioo au kuzipanga kaseti ukutani ili wageni wazione, jibu langu huwa moja: hapa kwetu kutunza kaseti ni kwanza kuidhibiti hewa inayoigusa, na mengine yote, hata fahari ya kuzionyesha, huja baadaye.

Ili jambo hili lieleweke, inafaa kujua kilichomo ndani ya kaseti. Mashine ya Fairchild Channel F, iliyotengenezwa chini ya uongozi wa mhandisi Mmarekani Mweusi aitwaye Jerry Lawson, ilitoka mwaka 1976 ikiwa ya kwanza kutumia kaseti za kubadilisha zenye chipu ya mchezo, na tangu hapo umbo la msingi halijabadilika sana: bodi ndogo ya saketi ndani ya ganda la plastiki, chipu inayobeba mchezo, na ukingo wa bodi wenye pini bapa zinazogusana na mashine. Kaseti ya Famicom, mashine ya kampuni ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, ina pini 60. Ile ya NES, toleo la mashine hiyo lililouzwa Marekani na Ulaya, ina 72. Ya Game Boy, mashine ndogo ya mkononi iliyotoka mwaka 1989, ina 32. Chipu ya mchezo ni imara kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu katika kaseti halisi za kiwandani data huandikwa wakati chipu yenyewe inaundwa, na haifutwi na sumaku wala na kukatika kwa umeme. Vinavyotangulia kuharibika ni pini, betri na karatasi ya lebo, na kati ya hivyo pini ndizo zinazoteseka zaidi katika mji wetu.

Pini hizo ni za shaba iliyopakwa nikeli, kisha ikapakwa dhahabu kwa juu. Dhahabu haishiki kutu, lakini tabaka lake ni jembamba sana, na kila kaseti inapoingizwa na kutolewa tabaka hilo huchubuka kidogo, hata shaba ikaanza kuchungulia. Hapo ndipo hewa yetu inapopata nafasi. Unyevu huifanya shaba iote kutu ya kijani, na misombo ya salfa huifanya iwe nyeusi. Mtu asiyeamini nguvu ya gesi hiyo na atazame mabati ya nyumba zilizoko upande ambao upepo hupeleka moshi wa volkano, kuelekea Rusayo na Sake: mvua inayopita katika moshi ule huwa na asidi, na mabati hutoboka upesi kuliko inavyotarajiwa. Ikiwa bati la paa linaliwa namna hiyo, sioni sababu ya kuutegemea utando wa dhahabu usioweza hata kupimwa kwa rula.

Vumbi nalo si vumbi la kawaida. Majivu na mchanga wa lava vina chembe za kioo cha volkano, ngumu na zenye kingo kali, na chembe hizo zikibaki kwenye pini halafu kaseti ikasukumwa ndani ya mashine, hukwaruza pande zote mbili, pini za kaseti na pini za mashine. Ndiyo maana kaseti yoyote ninayoinunua Birere, hapa Goma, au ninayoletewa na mtu kutoka Bujumbura au Kampala haiingii kwenye mashine siku hiyohiyo. Kwanza huipiga brashi laini kavu, mdomo wa ganda ukiwa umeelekezwa chini ili vumbi lianguke badala ya kuzama ndani, na baadaye ndipo alkoholi inapofuata.

Hapa lazima niseme juu ya kupuliza, kwa sababu karibu kila mtu aliyecheza utotoni anaamini kwamba kaseti ikigoma dawa yake ni kupuliza. Mpwa wangu aliponiona nikitumia kijiti cha pamba aliniuliza, «Mjomba, mbona hupulizi tu?» Nilimweleza kwamba pumzi ya mtu ina unyevu na matone madogo ya mate, na kwamba Nintendo wenyewe waliwaonya wateja wao wasifanye hivyo kwa sababu unyevu huo huharibu pini. Kaseti huonekana kupona baada ya kupulizwa kwa sababu imetolewa na kuingizwa upya, na katika kuingizwa upya pini hukaa vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza. Kwenye NES kuna jambo jingine la kujua: ndani ya mashine na ndani ya kaseti mna chipu mbili zinazotambuana, na zisipowasiliana vizuri mashine hujiwasha upya tena na tena, skrini ikabaki kupepesa. Kwa hiyo kupepesa kule mara nyingi ni pini chafu au pini zilizolegea, wala si mchezo uliokufa, na nimeona kaseti nzima zikitupwa kwa sababu tu hakuna aliyejua hilo.

Alkoholi inayofaa ni ya isopropili, yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 hufanya kazi pia, lakini karibu theluthi moja yake ni maji, hivyo kaseti inahitaji kukauka muda mrefu kabla ya kuwekewa umeme, hasa katika msimu wa mvua. Isiwe na rangi wala marashi, kwa kuwa vitu hivyo hubaki kwenye pini baada ya kioevu kuruka. Msomaji mwangalifu ataona kwamba nyuma ya kaseti za NES kumeandikwa onyo la kutosafisha kwa benzini, tina wala alkoholi. Onyo hilo nalichukua kwa uzito juu ya ganda na lebo, ambazo kweli huharibiwa na vimiminika hivyo; kwenye pini, wakusanyaji duniani kote wametumia isopropili kwa miaka mingi, nami nafanya hivyo, ila kijiti huwa kimelowa kidogo tu, si cha kuchuruzika.

Kazi yenyewe huonekana hivi. Kaseti ya Super Nintendo niliyoipata sokoni ilikuwa na ganda safi, lakini nilipoigeuza kwenye mwanga niliona mstari wa kijivu ukikatiza pini zote kwa usawa mmoja, pale hasa ambapo pini za mashine hugusia, na pembeni pini chache zilikuwa na doa la kijani lisilozidi kichwa cha sindano. Kijiti cha kwanza kilitoka cheusi. Cha pili kilitoka kijivu chenye ukingo wa kijani. Nilikisugua kwa kufuata urefu wa pini, kutoka ndani kwenda ukingoni, kamwe si kwa kukatiza, kwa maana kukatiza huvuta uchafu wa pini moja hadi nyingine na huweza kuinua ncha ya pini iliyoanza kubanduka. Niliendelea hadi kijiti kilipotoka cheupe, nikaiacha kaseti wazi juu ya kitambaa safi ikauke kabisa, na mchezo ukawaka mara ya kwanza kabisa nilipoiingiza. Doa la kijani liliacha kovu la rangi ya shaba, na kovu hilo ndilo litakaloshika kutu tena nisipolilinda. Raba ya penseli ningeitumia tu ikiwa kila njia nyingine imeshindikana, kwa sababu huondoa kutu na dhahabu pamoja. Dawa za kung'arishia vyombo vya shaba na dawa ya meno nazikataa kabisa, na mafuta ya kulainisha bawaba pia, kwa kuwa hubaki yanata na kuvuta vumbi.

Baada ya usafi ndipo tunafika kwenye sanduku, na hapa ndipo fedha za mkusanyaji wa Goma zinapaswa kwenda. Ninatumia masanduku ya plastiki yenye kifuniko cha kubana na mpira wa kuzibia hewa kuzunguka mdomo, yale ambayo akina mama huyatumia kuwekea unga na vitumbua. Kabla ya kununua, geuza sanduku utazame namba iliyo ndani ya pembetatu. Namba 5 ni polipropilini, namba 2 na 4 ni polithini, nazo ni plastiki tulivu zisizotoa vitu vya kudhuru. Namba 3 ni PVC, ambayo kadiri inavyozeeka hutoa vilainishi vinavyofanya plastiki iliyo karibu inate, na wakati mwingine hutoa asidi. Usiiweke karibu na kaseti, iwe sanduku, iwe mfuko laini unaong'aa. Kwa sababu kama hiyo nimeondoa sponji zote, maana sponji ya godoro huoza na kugeuka unga unaonata, na siruhusu bendi za mpira kufunga kaseti pamoja, kwa kuwa mpira huo umepikwa kwa salfa, nayo salfa ndiyo tunayoikimbia.

Sanduku lililofungwa vizuri bila kukaushwa ndani ni hatari kuliko rafu iliyo wazi, kwa maana umefungia unyevu pamoja na kaseti. Hivyo ndani yake huwekwa vifuko vya jeli ya silika, vile vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu vipya na ya vyombo vya umeme, ambavyo watu huvitupa bila kufikiri. Waombe wauza viatu wakuwekee. Ukiweza kupata zile punje zinazobadilika rangi, zitakusaidia kujua muda wake umekwisha: za rangi ya machungwa hugeuka kijani, za buluu hugeuka waridi. Za buluu zinapata rangi yake kutokana na kloridi ya kobalti, chumvi ya madini yaleyale ambayo nchi yetu huchimba huko Lualaba na Haut-Katanga kuliko nchi yoyote duniani, nazo ni sumu. Zisiguswe kwa mikono mitupu wala kuachwa watoto wanapofika, na nyumbani kwangu nimechagua za machungwa. Punje zilizoshiba unyevu hazitupwi. Zimimine nje ya mifuko yake, uzikaushe kwa joto la nyuzi 120 hivi kwa saa moja au mbili, na asiye na tanuri anaweza kutumia sufuria nzito juu ya mbabula yenye makala yaliyofifia, akikoroga polepole. Moto mkali huzipasua.

Wengi huniuliza kama mchele au makala havitoshi. Havitoshi. Mchele huvuta unyevu kidogo sana, huacha unga wa wanga, na huita fukusi na panya, ambao wakimaliza mchele watakula maboksi ya karatasi. Makala ya kawaida hutoa vumbi la kaboni, na kaboni hupitisha umeme; vumbi hilo likilala kati ya pini mbili umejitengenezea njia ya umeme mahali pasipotakiwa. Kipimaunyevu kidogo cha betri hakigharimu sana na hukaa ndani ya sanduku. Ninapenda kisome kati ya asilimia 40 na 50, na kikipanda zaidi najua kwamba ama punje zimeshiba ama mpira wa kifuniko umechoka. Masanduku yenyewe hukaa juu ya mbao, mbali na ukuta wa mawe na mbali na sakafu, kwa kuwa mawe ya lava ambayo nyumba zetu nyingi zimejengwa kwayo hupitisha ubaridi na unyevu wakati wa mvua, na hukaa chini kiasi kwamba tetemeko la ardhi halitayaangusha kutoka juu.

Kuhusu lebo na maboksi ya karatasi sina mengi. Jua huzifisha rangi, na mwanga huohuo ndio unaozifanya plastiki za kijivu ziwe za njano, hivyo sanduku lisilopitisha mwanga, au lililofunikwa kitambaa kizito, linatosha. Kibandiko cha bei kilichong'ang'ania lebo ya asili kiache palepale ikiwa huna uhakika. Kibandiko ni kasoro ndogo, lebo iliyochanika ni hasara.

Betri inahitaji maneno zaidi. Kaseti nyingi zinazohifadhi safari ya mchezaji, kwa mfano michezo mirefu ya Super Nintendo na ile ya Pokémon ya Game Boy, hufanya hivyo kwa chipu ya kumbukumbu inayolishwa na betri ndogo ya lithiamu ya volti 3, mara nyingi CR2032 au ndugu zake wembamba. Si zote: Super Mario 64, ya mashine ya Nintendo 64, haina betri kabisa, ilhali Ocarina of Time, ya mashine hiyohiyo, inayo. Pokémon Gold na Silver huimaliza betri mapema kuliko zile zilizozitangulia, kwa kuwa ndani yake mna saa inayotembea hata kaseti ikiwa kabatini. Betri ikifa mchezo bado utachezeka, ila kila kilichohifadhiwa kimekwenda, na katika kaseti iliyopita mikono ya ndugu na marafiki hicho kilichohifadhiwa ndicho kitu pekee ambacho hakiwezi kununuliwa tena mahali popote. Jina la mtoto aliyelichapa miaka ya tisini lipo ndani ya chipu ile kwa nguvu ya betri ile, na kwangu mimi lina thamani kuliko ganda lisilo na mkwaruzo.

Kwa hiyo betri hubadilishwa kabla haijafa, na kabla ya kubadilishwa nakala ya kumbukumbu hutolewa. Vipo visomaji vya kaseti vinavyounganishwa na kompyuta, kikiwemo kile cha Sanni ambacho michoro yake iko wazi kwa yeyote anayetaka kukiunda, na fundi mzuri wa vifaa vya umeme anaweza kukiunganisha akipata vipande vyake. Kaseti nyingi za Nintendo hufunguliwa kwa bisibisi maalumu ya milimita 3.8, usikubali fundi azifungue kwa kalamu iliyoyeyushwa kwa moto, kwa sababu plastiki hubaki kwenye skrubu. Pima betri kwa mita. Ikiwa imeshuka karibu na volti 2.5 sisubiri zaidi. Betri mpya iwe ile yenye vipande vya chuma vilivyounganishwa kiwandani, kwa kuwa kulehemu moja kwa moja juu ya betri ya lithiamu huipasha joto na inaweza kupasuka usoni mwa mtu. Ipime hata ikiwa bado kwenye pakiti, maana sokoni zimo zilizolala miaka mingi.

Nataka pia kuzitetea kaseti ambazo wakusanyaji wa nje huzidharau, zile za michezo mingi ndani ya moja, za mashine zilizoigiza Famicom, zilizofika kwetu bila boksi wala kitabu cha maelezo. Ndizo tulizocheza. Katika vitongoji vya Goma, watoto wengi waliijua michezo ya Nintendo kupitia ganda la njano lisilo na jina la kampuni, na atakayetaka kueleza namna michezo hii ilivyofika kwetu atazihitaji hizo kuliko kaseti ya bei ghali kutoka Japani. Mara nyingi ndani yake chipu imefunikwa kwa tone la gundi nyeusi moja kwa moja juu ya bodi, hivyo haibadilishwi, na pini zake huwa na dhahabu kidogo mno au hazina kabisa. Kwa sababu hiyo ndizo nilizozipa sanduku linalofunga vizuri kuliko yote, na ndizo ninazozikagua kwanza kila msimu wa kiangazi unapoanza mwezi wa sita.

Mwisho kuna volkano yenyewe. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, na tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena. Siku chache baadaye, tarehe 27, wakazi wa sehemu kubwa ya Goma waliamriwa kuondoka, wengi wakaenda Sake, wengine Gisenyi, wengine wakapanda boti kuelekea Bukavu. Katika saa kama hiyo watoto, wazee, nyaraka na maji ndivyo vinavyobebwa, na mtu asimwache jirani nyuma kwa ajili ya sanduku la plastiki. Lakini mkusanyaji anaweza kuamua mapema, akiwa ametulia, ni kaseti zipi zikae katika sanduku moja dogo lenye mkono wa kubebea, ili kama nafasi ipo libebwe bila kuchagua gizani. Langu lina kaseti zenye kumbukumbu za watu, chache za njano, na diski ndogo yenye nakala zote. Kubwa zenye maboksi zinabaki. Orodha nzima nimeiandika kwa mkono na kuipiga picha, na nakala moja iko kwa dada yangu Bukavu, ambaye kila ninapopata kaseti mpya ninamtumia picha ya mbele, ya nyuma na ya pini.